Acheni Tangi Likae Bila Samaki

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi asubuhi ukumbini hapa Mwanga, Kigoma, mbele ya wenzetu walioanza kufuga samaki wa mapambo majumbani. Wengi mlizuiwa na mvua, na wengine mlikuwa msibani, kwa hiyo nayaweka yote. Picha za ukutani nimeziacha, yaliyokuwamo nimeyaeleza kwa mdomo.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi? Mnanisikia huko nyuma, mliokaa karibu na dirisha? Hiyo feni kama inapiga kelele izimeni tu, joto la Kigoma tumelizoea.

Kabla sijasema lolote, naomba wanyooshe mikono wale wenye tangi la samaki ambalo halijafikisha miezi miwili. Naam. Ni karibu ukumbi mzima. Ishusheni. Sasa wanyooshe wale ambao tangu waanze hawajafiwa na samaki hata mmoja. Naona mmoja, wawili... na yule bwana pale, ambaye nina habari kuwa tangi amelinunua juzi. Bwana, shusha mkono, wewe bado hujaingia kwenye hesabu.

Ndugu zangu, sisi watu wa Kigoma tuna kiburi chetu. Mtu wa Dodoma samaki wakimfia tunamwelewa: maji atayatoa wapi? Lakini sisi Ziwa Tanganyika liko mlangoni. Kina chake ni mita 1,470, na duniani kote linazidiwa na Ziwa Baikal la Urusi peke yake. Urefu wake unapita kilomita 650, nchi nne zinaligawana, na samaki wa jamii ya sikilidi peke yao wamo zaidi ya aina 200, karibu wote hawapatikani kwingine popote. Kuna mtu yuko Ujerumani sasa hivi, kuna mwingine Japani, anapima chumvi na magadi kwa mizani ili maji yake ya bomba yafanane na haya ambayo sisi tunafulia nguo. Sisi tunachota kwa ndoo. Basi tunajiambia: maji ya ziwani, samaki wa ziwani, patakosekana nini?

Kitakachokosekana ni ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika lina maji yanayokaribia kilomita za ujazo 19,000. Samaki akijisaidia mle, nani atajua? Sebuleni kwako una kioo cha lita mia na kidogo. Humo kila kitu kinajulikana.

Kwa hiyo hoja yangu leo ni moja, na nitairudia mpaka mnichoke. Ukinunua tangi, acha likae bila samaki. Mwezi mzima. Wiki sita ikibidi. Liwe na maji, mchanga, mawe, na pampu inayofanya kazi usiku na mchana, na ndani yake asiwemo samaki hata mmoja. Najua inauma. Watoto watauliza kila asubuhi. Majirani watasema fulani kanunua kioo cha kutazamia maji. Waacheni waseme. Acheni tangi likae.

Nianze na jambo linalowadanganya wengi: maji meupe.

Kuna mwalimu, rafiki yangu, anakaa Katubuka. Fundi vioo alimtengenezea tangi zuri sana, urefu mita moja, upana sentimita 40, kina sentimita 40. Pigeni hesabu hiyo, mtaihitaji baadaye: ni lita 160. Mwalimu akachota maji ziwani asubuhi, mbali na mahali watu wanapofulia. Mchanga akauosha mpaka maji ya kuoshea yakatoka safi. Mawe akayapanga kwa ustadi, mapango yakawepo, taa ikawaka. Jioni ile ile akatia samaki kumi na wanne. Kesho yake ananipigia: "Kaka, njoo uone, maji kama hayapo!" Nikaenda, na kweli yalikuwa yanapendeza.

Siku ya nne samaki wakapanda juu. Wakawa wanakusanyika penye mapovu ya pampu, midomo wazi, matamvua yanapiga haraka haraka. Siku ya sita watatu walikuwa chini, wamelala ubavu juu ya mchanga. Simu ikaita tena. Safari hii sauti ilikuwa ya chini: "Kaka, hivi mtu anaweza kuwa ameniwekea kitu kwenye maji? Mbona bado ni meupe pee?"

Nani angemwekea? Nimewauliza na ninyi, nani angemwekea? Samaki wenyewe ndio waliojiwekea. Samaki hutoa sumu iitwayo amonia. Sehemu kubwa hutokea kwenye matamvua, muda wote, hata akiwa ametulia tu. Kinyesi chake kikioza kinatoa amonia. Chakula alichokiacha kikioza kinatoa amonia. Na amonia ndani ya maji haina rangi. Kwa kiwango kinachotosha kuua samaki, pua yako haitaisikia. Nikachukua maji ya mwalimu kwenye kichupa, nikadondosha matone ya kipimo. Tangi salama lingebaki na rangi ya njano. La mwalimu lilikwenda kijani, kijani iliyokolea, pale pale mbele ya macho yake. Akanyamaza. Mwalimu wa fizikia huyo.

Kwa hiyo acheni kuyasifu maji kwa macho. Maji yaliyoiva mara nyingi yana unjano kidogo, yana vumbi kidogo, mawe yake yana utelezi. Maji yanayoua yanaweza kung'aa kuyashinda. Jicho halipimi amonia. Kinachopima ni kipimo, na kipimo cha matone kinanunuliwa, huagizwa Dar es Salaam kikaja kwa basi, na ni bora ukose taa ya rangi kuliko kukikosa hicho. Vile vikaratasi vya kuchovya ni rahisi kutumia, lakini havina uhakika wa matone, na vingi havina hata sehemu ya kupimia amonia.

Sasa mtauliza: kama samaki hutoa sumu kila dakika, mbona yale matangi ya zamani samaki wanaishi miaka?

Wanaishi kwa sababu kuna viumbe wengine mle ndani ambao hatuwaoni, nao ndio wafugwa wa kwanza. Ni bakteria. Kundi moja hula amonia na kuigeuza naitraiti. Naitraiti nayo ni sumu: inaingia kwenye damu ya samaki, damu inashindwa kubeba oksijeni na kugeuka rangi ya kahawia. Samaki anaweza kukosa pumzi wakati pampu inabubujika pembeni yake. Kundi la pili huichukua hiyo naitraiti na kuigeuza naitreti. Hiyo ya mwisho samaki huivumilia, mradi isirundikane. Majina yanafanana, naombeni msiyachanganye, kwa sababu moja inaua kwa siku chache na nyingine unaitoa kwa ndoo mwisho wa wiki.

Bakteria hawa si wa kutengenezwa. Wamo kwenye udongo, kwenye mito, kwenye ziwa. Mwanasayansi Sergei Winogradsky ndiye aliyefaulu kuwatenga, mwaka 1890, na tabia yao aliyoiona ndiyo inayotusumbua mpaka leo: wanaongezeka polepole. Bakteria anayechachisha mboga jikoni anaweza kuongezeka maradufu ndani ya nusu saa. Hawa wetu huchukua karibu siku nzima, na wengine zaidi. Hakuna pesa inayowaharakisha. Zipo chupa zinazouzwa zikisemwa zina bakteria hai. Chupa iliyokaa stoo yenye joto, ikapanda basi, ikashuka Kigoma imechemka, mimi pesa yangu siitoi.

Nao hawaelei ndani ya maji kama mnavyofikiri. Wamejishikiza kwenye vitu: sponji ya filta, yaani chujio la maji, mchanga, mawe, hata kioo. Ndiyo maana kuchota maji ziwani hakukuletei jeshi lao. Unachota maji, wenyewe wamebaki kwenye mawe.

Basi utawaleaje bila samaki? Wanataka amonia, uwape amonia. Na hapa Kigoma tunayo amonia ya bei rahisi kuliko popote. Chukua dagaa wakavu, wasiotiwa chumvi, watano au sita tu kwa tangi kama la mwalimu. Watie kwenye kipande cha soksi safi, funga fundo, tumbukiza. Pampu na filta viendelee kufanya kazi. Dagaa wataanza kuoza. Maji yanaweza kuwa na ukungu siku mbili tatu, na mama mwenye nyumba anaweza kulalamikia harufu. Vumilieni. Msiyamwage maji.

Pima kila baada ya siku mbili, andika kwenye daftari. Mwanzo utaona amonia inapanda peke yake. Wiki ya pili au ya tatu amonia itaanza kushuka na naitraiti itapanda. Hapo ndipo wengi wanaponaswa: wameona amonia sifuri, wanashangilia, wanatia samaki, naitraiti inawamaliza. Subiri. Naitraiti nayo itashuka. Siku utakayokuta amonia sifuri, naitraiti sifuri, na naitreti ipo, ongeza dagaa wengine wawili. Kama siku mbili tatu baadaye sifuri zote zimebaki sifuri, tangi limeiva. Toa soksi, badilisha nusu ya maji, ndipo ukamtafute samaki.

Na mtu akinunua Tropheus, wale wanaokula mwani juu ya mawe, hana ujanja zaidi ya huu. Samaki hao wana ugomvi, mgeni akiingia peke yake wanampiga mpaka afe, kwa hiyo watu huwaweka kundi zima kwa siku moja. Kundi zima kwa siku moja kwenye tangi bichi? Mnajua jibu.

Njia ya mkato iliyo halali ipo, nayo ni uchafu wa jirani. Mtu mwenye tangi la mwaka mzima, samaki wake wazima, ni tajiri, na utajiri wake ni sponji chafu. Mwombe akukatie kipande, au akamulie sponji yake ndani ya tangi lako. Kipande kisafiri kwenye maji ya tangi lake, kisikauke, na kifike siku hiyo hiyo. Wiki nyingi zitakuwa zimepunguzwa. Naomba tugawane uchafu, ndugu zangu. Ila uliza kwanza kama samaki wake wamewahi kuugua karibuni, maana ugonjwa nao unapanda lifti hiyo hiyo.

Tuko pamoja?

Haya. Sasa nasema na mtu wa Kigoma hasa. Mtu wa Iringa anaweza kunywa chai.

Maji ya ziwa letu ni ya alkali. pH yake, yaani kipimo cha alkali na asidi, ni kama 8.6 hadi 9.2. Maji yasiyo alkali wala asidi ni 7. Kuna sababu: maji mengi yanayoingia Tanganyika hutoka kwa kupaa na jua, yanayotoka kwa Mto Lukuga upande wa Kongo ni kidogo tu, na madini yanabaki. Samaki wetu wameumbika na hali hiyo na ndiyo wanayoitaka.

Lakini amonia ina sura mbili. Kwenye maji ya asidi, karibu yote hukaa kwenye sura isiyodhuru sana. Maji yakiwa ya alkali, inageukia sura ya pili, ile inayopenya matamvua na kuua. Kwenye nyuzi 25 za joto, maji yakiwa na pH 7, sura kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Mmesikia? Kutoka chini ya 1 hadi zaidi ya 33! Na kipimo chako cha matone hakitenganishi, kinasoma zote pamoja. Kwa hiyo mtu anayefuga samaki wa Amazoni, kwenye maji yao ya asidi, akikwambia amonia kidogo haina neno, kwake anasema kweli. Kwako wewe uliyechota Tanganyika, kidogo hicho hicho ni msiba. Ndiyo maana nasisitiza tangi likae. Wengine wanaweza kubahatisha. Sisi hatuna nafasi hiyo.

Kuna mama pale Gungu, mwenyewe ameniruhusu nisimulie. Yeye alitumia maji ya mvua, kutoka kwenye simtanki la nyumbani. Maji ya mvua ni laini mno, hayana madini ya kuzuia asidi. Na wale bakteria wetu, kazi yao ya kula amonia huzalisha asidi. Kwenye maji ya ziwa asidi hiyo inamezwa na madini, huioni. Kwenye maji ya mvua, pH ikawa inashuka mwezi hadi mwezi. Ikishuka sana, bakteria wenyewe wanalegea, wanaacha kula. Amonia ikarundikana. Lakini si nimesema kwenye maji ya asidi amonia haiumi? Samaki wakawa wanaishi tu, wamefifia rangi, wanajificha, lakini wanaishi.

Siku moja akaambiwa samaki hawa wanataka maji ya ziwani. Ushauri wa kweli kabisa. Kijana wake akapakia madumu kwenye bajaji, wakachota, wakafika, wakamwaga nusu ya maji ya zamani na kujaza ya ziwa. Saa kumi jioni. Kufika magharibi samaki wote walikuwa wamelala ubavu. Mama akasema maji yalikuwa na mafuta ya boti. Kijana akagombezwa bure.

Maji yalikuwa safi. Kilichotokea ni kwamba pH iliruka juu kwa mara moja, na ile amonia yote iliyokuwa imelala ikaamka. Yule mama alifanya jambo jema kwa haraka. Angepima kwanza, angeona amonia. Angeipunguza kwanza kwa kubadilisha maji kidogo kidogo kwa yale yale ya mvua, siku kadhaa, mpaka isome karibu na sifuri, halafu ndipo aanze kuingiza ya ziwa, nusu ndoo leo, nusu ndoo kesho kutwa. Kwenye maji, ukarimu wa ghafla unaua.

Mnaotumia maji ya bomba hapa mjini: yanatoka ziwani, ila yametiwa klorini, na klorini haichagui. Inaua kipindupindu na inaua bakteria wako wa filta. Yaweke kwenye ndoo wazi saa 24, ukiwa umetumbukiza mrija wa hewa unaobubujika. Na makome ya konokono ndani ya tangi husaidia kushikilia pH, maana ni chokaa tupu. Okoteni yaliyokufa ufukweni, machache. Msiyakombe huko chini, yana wenyewe: yuko samaki, Neolamprologus multifasciatus, asiyefika hata sentimita 5, hukaa na kuzaa ndani ya kome.

Kuhusu filta sitasema mengi, nitasimulia tu. Kijana wa Ujiji alikuwa na tangi lililoiva, zuri, miezi sita. Wageni wakawa wanakuja kutoka Dar, akataka nyumba ing'ae. Akatoa sponji ya filta. Akaisugua kwa sabuni ya unga na maji ya bomba mpaka ikarudi rangi ya dukani. Akanitumia picha kwa simu: sponji iko kwenye kamba, imebanwa kwa vibanio, inakauka juani katikati ya soksi na kanga. Anauliza, "Mzee, nimefanya vizuri?"

Tangi lake la miezi sita lilikuwa limerudi kuwa la siku moja, na samaki wamo ndani. Sponji ya filta husuuzwa tu, pale unapoona maji yanatoka kwa unyonge. Husuuzwa kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe, yanakuwa meusi, unaikamua mara mbili tatu, unairudisha ikiwa bado ina uchafu. Sabuni isiikaribie.

Na bakteria hao wanapumua. Hata ziwa letu, ukishuka kati ya mita 100 na 200 kwenda chini, oksijeni inakwisha. Maji ya juu hayachanganyiki na ya chini, na huko chini hakuna samaki, kuna gesi yenye harufu ya yai viza. Maji ya tangi yasipotembea yanaelekea huko huko. Umeme ukikatika usiku, kitu cha kwanza kukosa hewa ni filta. Nunua pampu ndogo ya betri. Ukikosa, chota kwa kikombe na umimine kutoka juu, kila baada ya muda. Usilishe. Na kama filta yako ni ya kufungwa na imezimika saa nyingi, ifungue uisuuze kabla ya kuiwasha, la sivyo itatapika maji yaliyooza juu ya samaki.

Kubadilisha maji: robo kila wiki. Lita 160, robo yake ngapi? Arobaini! Ndoo mbili za lita ishirini. Mtu gani hapa anashindwa ndoo mbili kwa wiki? Na kuongezea yaliyokauka si kubadilisha. Maji yakikauka, chumvi na naitreti vinabaki. Ukiongezea tu, unavirundika. Naitreti ikikaribia milligramu 40 kwa lita, ongeza ndoo.

Kuna sumu nyingine zinazoingia kwa mlango wa mbele. Sikukuu ya Idd, nyumba moja hapa hapa Mwanga, kila mgeni aliyepita sebuleni alimtupia samaki kipande cha andazi, eti naye ale sikukuu. Watoto wakamalizia na wali. Siku mbili baadaye maji yalikuwa yananuka. Samaki analishwa kiasi anachomaliza kwa dakika mbili, na mtu mmoja ndiye mwenye zamu ya kulisha.

Lakini linaloniudhi zaidi ni dawa ya mbu. Zile dawa za kupuliza ndani, hata kidogo tu ikitua juu ya maji, ni kali sana kwa samaki. Funika tangi kwa nailoni na uzime pampu ya hewa kwanza, maana hiyo pampu inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma ndani ya maji. Watu wanasahau hilo: wamefunika vizuri, pampu inaendelea kuvuta dawa. Na tafadhali, tafadhali, msikate chandarua chenye dawa kutengeneza wavu wa kuvulia samaki wa tangi. Nimeona. Dawa ile iliyowekwa kwa ajili ya mbu ni ya jamii hiyo hiyo. Nunua kitambaa cha shela.

Kuhusu kukamata samaki ziwani, nasema haraka: samaki wa mapambo anavuliwa kwa leseni, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ipo, na maofisa uvuvi wapo hapa mjini. Nendeni mkaulize kabla hamjamtuma mtoto na wavu.

Sasa najua mnachowaza. "Mzee, umesema tangi likae bila samaki, na mimi samaki wangu wameshaingia wiki iliyopita." Nyote mlionyoosha mikono. Msiwatoe mkawarudishe ziwani, samaki aliyeshaishi na wengine kwenye kioo anaweza kurudi na ugonjwa.

Fanyeni hivi. Kwanza, msiongeze samaki mwingine, hata akiletwa bure, hata akiwa yule samaki aitwaye frontosa wa Kigoma mwenyewe. Pili, lisheni siku moja, rukeni moja, kidogo. Samaki mzima havunjiki kwa kukosa chakula siku moja, anavunjika kwa amonia. Pimeni kila siku amonia na naitraiti. Moja wapo ikionekana, badilisheni robo ya maji siku hiyo, kwa maji ya aina ile ile na joto lile lile, na kesho pimeni tena. Ikiwa ni naitraiti, chumvi ya kawaida ya jikoni inasaidia, gramu 1 kwa kila lita, kwa mwalimu wetu ni gramu 160. Iyeyusheni kwanza kwenye ndoo, imimineni taratibu, nusu leo nusu kesho. Chumvi inaizuia naitraiti isipenye matamvua. Amonia haiigusi, msichanganye. Na tafuteni sponji chafu kwa mwenzenu leo hii, kabla hamjatoka ukumbini. Mlio na matangi ya zamani simameni muonekane. Haya, hao hapo. Wakamateni.

Waliokuja na chupa za maji, sogeeni hapa mbele, mezani kuna vipimo na daftari. Andika jina lako kwenye chupa, na kama maji ni ya ziwa, ya bomba au ya mvua. Tunaanza na wale wenye samaki wanaohema juu. Wewe mama wa kitenge cha bluu, njoo wewe kwanza, hiyo chupa nimeiona tangu ulipoingia.